Ya Harusi Twachanga, ya Kituo Je?

Hesabu, ndugu msomaji, kadi za mchango zilizofika nyumbani kwako tangu mwaka huu uanze. Ipo ya mtoto wa mfanyakazi mwenzako, ipo ya mpwa wa jirani, ipo ya kumfunda bibi harusi na nyingine ya kumuaga bibi harusi yuleyule. Na ya kipaimara nayo haikosekani. Aghalabu umezichangia zote. Pengine hukutoa kiasi kilichoandikwa, pengine ulingoja hadi katibu wa kamati alipokupigia simu mara ya tatu, walakini ulitoa. Kisha hesabu ni mara ngapi, katika miezi hiyohiyo, umechangia chama cha wajane, maktaba ya watoto, au kituo cha walemavu kilichomo ndani ya mtaa wako mwenyewe.

Sikuulizi kwa nia ya kukuaibisha. Swali hili nimelibeba tangu Februari 2025, maana mimi ni katibu wa kikundi cha akina mama wenye watoto waliozaliwa na mtindio wa ubongo, huku upande wa Temeke, Dar es Salaam. Mtoto wa namna hii hawezi kuachwa peke yake hata kwa muda wa kwenda gengeni. Yapasa alishwe, ageuzwe, anyooshwe viungo, abebwe. Na anapofikisha miaka minane au tisa mama yake hana tena mgongo wa kumbebea. Mama huyo hawezi kufanya kazi yoyote ya kumwingizia senti, na mara nyingi baba wa mtoto amekwisha kuondoka. Kituo chetu huwapokea watoto 23 asubuhi na kuwarudisha makwao alasiri, na faida yake kubwa, ukiniuliza mimi, ni hizo saa nane anazozipata mama za kukaanga samaki, kufua nguo za watu, au kulala tu.

Kwa miaka kadhaa gharama zetu zilibebwa na shirika moja la nje ambalo sitalitaja, na shirika hilo nalo lilikuwa likipewa fedha na serikali ya Marekani. Tarehe 20 Januari 2025 Rais wa nchi hiyo alitia saini amri ya kusimamisha kwa siku 90 misaada ya maendeleo kwa nchi za nje. Na ilipofika tarehe 1 Julai mwaka huohuo, USAID, shirika lililozaliwa mwaka 1961, umri mmoja na uhuru wa Tanganyika, likakoma kufanya kazi. Sisi tulipata barua ya kurasa mbili. Ukurasa wa kwanza ulitushukuru kwa ushirikiano wetu, wa pili ukatutaka turudishe kompyuta.

Waliosoma siasa shuleni watakumbuka kwamba Azimio la Arusha la mwaka 1967 lilitoa nafasi kubwa kuonya juu ya kuifanya fedha, hasa fedha itokayo nje, kuwa msingi wa maendeleo ya nchi. Sisemi kwamba fedha ya wageni ni haramu. Viti maalumu vya mbao wanavyokalia watoto wetu vilinunuliwa kwa fedha hiyo, na vingali vipo. Lakini onyo lile lilikuwa na jambo jingine ndani yake, nalo ni hili: anayekulipa ndiye unayemtolea hesabu. Kwa miaka ile yote sisi tulimwandikia ripoti mtu aliye mbali sana, kila baada ya miezi mitatu, kwa Kiingereza, ilhali jirani wa mlango wa pili hakujua tunafanya nini mle ndani. Wako waliodhani ni zahanati. Mmoja aliambiwa kwamba ni duka la Wazungu.

Katika mkutano wa kwanza baada ya barua, wenzangu kadhaa walitaka kituo kifungwe. Mweka hazina wetu, mwanamke mwenye maneno machache, akaomba kwanza ahesabu gharama upya, si kwa bajeti ya mfadhili bali kwa mahitaji ya watoto. Akarudi baada ya siku mbili na karatasi moja. Chini ya mfadhili tulikuwa tukitumia zaidi ya shilingi milioni 4 kwa mwezi. Alipoondoa semina, posho za semina, nauli za kwenda kwenye semina, mhasibu wa kukodi na mabango yenye nembo, zilibaki shilingi 1,300,000: walezi watatu kwa 180,000 kila mmoja, kodi ya nyumba 200,000, uji na chakula cha mchana 330,000, bajaji ya kuwabeba watoto wasioweza kuletwa kwa mgongo 150,000, na sabuni, maji na umeme 80,000. Basi. Mkutano ulinyamaza. Milioni 4 ni kitu cha kuogopesha. Milioni 1 na laki 3 ni harusi ndogo sana, tena ya watu wasiopenda makuu.

Hapo ndipo lilipokuja wazo la kuiga kamati ya harusi. Tafakari, ndugu msomaji, kwa nini mchango wa harusi hutoka hata katika mfuko mtupu. Si kwa sababu watu wa mjini wanapenda pilau kuliko watoto wenye shida. Kwanza, harusi ina tarehe. Pili, anayekuomba unamjua, na akikuomba anajua kwamba siku moja nawe utamwomba. Deni la heshima linazunguka. Tena upo mtu mwenye daftari, anayeandika ahadi na kuifuata, bila kuona haya. Na mwisho wa yote unaona kwa macho yako fedha yako ilivyotumika, hata ukilalamika kwamba nyama ilikuwa chache. Kituo cha kusaidia watu, kwa kawaida, hakina hata kimoja kati ya hivyo. Kina barua yenye mhuri, iliyoandikwa “kwa yeyote anayehusika”. Na yeyote anayehusika, kama ujuavyo, hayupo.

Tuliunda kamati ya watu tisa, na kwa makusudi watano kati yao hawana mtoto kituoni. Mjumbe wa mtaa yumo, mwalimu mstaafu yumo, dereva wa bajaji yumo, na mama lishe mmoja ambaye namhesabu kuwa mkusanyaji hodari kuliko sisi sote kwa sababu wote wanaokula kwake wanamdai chenji au wanadaiwa naye. Tarehe tuliyoweka ni tano ya kila mwezi. Kiasi tulichoomba kwa mtu mmoja ni shilingi 5,000, si zaidi, na tuliwaza majina 60 ya watu tunaowajua kwa sura. Hadi sasa wanaotoa bila kukosa ni 41, yaani shilingi 205,000 kwa mwezi. Akina mama wenyewe wanatakiwa 10,000 kila mmoja. Kati ya 19 wanaoweza ni 14, na wale watano hulipa kwa zamu za kupika na kufua. Hatukutaka mtu asiye na kitu aonekane kuwa anabebwa, maana ndivyo wengi wanavyoacha kuja.

Somo kubwa kuliko yote nilipewa na mfanyabiashara wa duka la jumla. Nilimwendea na hotuba ndefu kuhusu haki za watoto walemavu. Alinisikiliza kwa adabu, akaniitikia, kisha akasema: “Shida yangu mama, ukiniambia nisaidie watoto walemavu sijui nikupe shilingi ngapi, maana shida yao haina mwisho. Niambie kitu chenye bei.” Nikamwambia kwamba mlezi mmoja hulipwa 180,000. Akauliza jina lake, akauliza anakaa wapi, akauliza kama akiumwa nani humshika nafasi. Tangu mwezi ule yeye ndiye anayemlipa mlezi huyo mshahara wake, na huleta fedha mwenyewe tarehe 30, mbele ya mweka hazina, akapewa stakabadhi. Nimeona watu wengi wakiomba “msaada wowote ule”. Msaada wowote ule, msomaji wangu, ni nguo zilizochakaa.

Kwa njia hiyohiyo wenye magenge wakachukua vitu na si fedha: huyu dagaa, huyu unga, yule maharage kilo tano kila Ijumaa. Msikiti wa jirani na jumuiya ndogo za kanisa kila mmoja ulichukua wiki yake ya uji. Ukiweka bei, vitu hivyo hufika kama shilingi 220,000 kwa mwezi. Madereva wa kijiwe cha bajaji walikubali kubeba watoto kwa nusu ya nauli. Mwenye nyumba, mzee ambaye hatukutegemea kwamba angelegeza hata senti, alipunguza kodi hadi 150,000 baada ya kuletwa kituoni na mjumbe na kukaa pale kwa saa moja. Alitoka bila kusema neno, akatuma salamu jioni.

Majirani wakitoa, majirani huuliza. Yuko mzee mmoja anayetoa shilingi 2,000 kwa mwezi, na kila Alhamisi huja, huketi barazani, huomba daftari la mahudhurio, hupita kidole juu ya majina. Walezi humwona kuwa ni kero. Mimi naona ni mkaguzi bora kuliko wote tuliowahi kuwa nao, na kwa 2,000 zake anakagua hata masufuria.

Kwa hiyo yakupasa, kama una kikundi chako, kuweka hesabu mahali zinapoonekana. Yetu hubandikwa kwenye ubao wa ofisi ya serikali ya mtaa kila tarehe kumi: kilichoingia, kilichotoka, kilichobaki. Jambo moja dogo lililotuletea maneno mwanzoni ni simu: michango ilikuwa ikitumwa kwenye namba ya mweka hazina, na ijapokuwa hakugusa hata shilingi, mume wa mtu fulani alisikika akisema kwamba biashara ya samaki ya mama yule imepanuka. Sasa tuna namba ya malipo iliyosajiliwa kwa jina la kikundi, akaunti ya benki yenye waweka saini watatu, na hakuna atoaye fedha peke yake. Usingoje mpaka watu waseme.

Juu ya usajili sitakaa sana. Kikundi kidogo huweza kuanza kwa kujiandikisha halmashauri, kupitia kwa afisa maendeleo ya jamii wa kata, kikiwa na katiba, orodha ya wanachama na muhtasari wa mkutano. Kikikua, ipo Sheria ya Mashirika Yasiyo ya Kiserikali ya mwaka 2002, ambayo kwa marekebisho ya mwaka 2019 cheti chake hudumu miaka 10 na kisha huhuishwa. Tena kanuni za mwaka 2018 ziliagiza kwamba shirika linalopokea zaidi ya shilingi milioni 20 liitangaze fedha hiyo hadharani. Wengine walinung’unika. Ila ukiwa umekwisha zoea ubao wa serikali ya mtaa, tangazo halikutishi.

Cheti hicho hufungua milango ambayo kadi ya mchango haiwezi kuifungua, nami nitakutajia michache ninayoijua. Foundation for Civil Society, iliyoanzishwa Dar es Salaam mwaka 2002, imekuwa ikitoa ruzuku kwa asasi za Tanzania, zikiwemo zile ndogo za wilayani. Women Fund Tanzania, tangu mwaka 2008, imekuwa ikisaidia vikundi vya wanawake. Ubalozi wa Japani una mpango wa misaada ya ngazi ya chini ambao umejenga madarasa na zahanati katika mikoa mingi. Lakini ujue kabla hujapanda daladala kwenda huko kwamba mpango huo ni wa majengo na vifaa, haulipi mishahara wala uji. Benki kubwa kama NMB na CRDB hutangaza kwamba hutenga asilimia 1 ya faida yao kwa ajili ya jamii, na fungu hilo hutoka zaidi kama madawati, mabati na vitanda vya hospitali. Watakuja na mpiga picha na hundi ya mfano yenye upana wa mlango. Simama vizuri, tabasamu, chukua mabati. Na mfanyabiashara mwenye hesabu rasmi umkumbushe kwamba Sheria ya Kodi ya Mapato ya mwaka 2004 humruhusu kuondoa katika mapato yake yatozwayo kodi mchango alioutoa kwa taasisi ya hisani iliyotambuliwa na Kamishna, hadi asilimia 2 ya mapato ya biashara yake. Kikundi kisipokuwa kimeomba kutambuliwa, nafuu hiyo hapati.

Kisha iko ile asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Sheria iliiweka mwaka 2018, ikasimamishwa mwaka 2023 ili taratibu zirekebishwe, ikarejeshwa mwaka 2024. Haina riba. Lakini ni mkopo, ndugu msomaji, ni mkopo. Nimekwisha sikia viongozi wa vikundi wakiuita msaada mbele ya wanachama wao. Mkopo hununua kitu kitakachozaa fedha ya kuurudisha. Uji wa mtoto hauzai. Kikundini kwetu wapo wanaotaka tukope tuanzishe mradi wa sabuni ya maji, faida ilipe mlezi, na wapo wanaosema kwamba akina mama ambao hawana hata muda wa kulala hawawezi kuongezewa kiwanda. Mimi niko upande wa hawa wa pili, ijapokuwa nimeambiwa kwamba nina moyo wa kikatibu.

Yuko pia yule mtu mwenye mkoba, utakutana naye tu, ambaye hukuahidi kukuandikia andiko la mradi “litakalopita”, kwa malipo ya awali na asilimia fulani fedha ikiingia. Alitujia mwezi wa Mei. Katika andiko alilotuonyesha kama mfano, watoto 23 walikuwa 230, na mahali pa jina la kata palikuwa na jina la kata nyingine, ya mkoa mwingine, ambalo alikuwa amesahau kulifuta. Tulimpa chai akaenda zake. Andiko letu tumeliandika wenyewe, kurasa nne, kwa Kiswahili kwanza, na mwalimu mstaafu akalitia Kiingereza kwa ajili ya wale wanaokitaka. Ukurasa wake wenye nguvu ni ule wa tatu, ulioorodhesha nani mtaani hutoa nini. Kabla ya barua ile ya Februari tusingekuwa na ukurasa huo hata kidogo. Mwenye ruzuku hupenda kuona kwamba anaongeza mahali ambapo wengine wamekwisha weka, kama vile mgeni apendavyo kukuta jiko limekwisha washwa.

Sasa nikupe hesabu kamili kama ilivyobandikwa ubaoni. Baada ya punguzo la kodi na la bajaji, mahitaji ni shilingi 1,175,000 kwa mwezi. Mtaa unatoa, kwa fedha na kwa vitu, 745,000. Pengo ni 430,000. Katika pengo hilo, 360,000 ni mishahara ya walezi wawili, na hapa ndipo ninapotofautiana na watu wema wengi ambao hutuambia kwamba kazi ya namna hii ni ya kujitolea. Nimeona kwamba wanaosifu kujitolea kwa sauti kubwa aghalabu wana mshahara. Mlezi anayemnyoosha mtoto viungo mara nne kwa siku, anayejua ni yupi hupaliwa akilishwa haraka na ni yupi hushikwa na degedege mvua ikikaribia, ana kodi ya kulipa na ana wanawe. Kwa miezi mitatu walezi hao wawili wamepokea nusu. Hawakugoma wala hawakununa. Mmoja wao, aliyekaa nasi tangu kituo kikiwa chumba kimoja, alinijia juzi baada ya watoto kuondoka, akasimama karibu na mlango.

“Katibu,” akasema, “nimepata mahali pa kulea mtoto wa watu, huko Masaki. Wanataka nianze mwezi ujao.”

Nikamwuliza amewajibu nini. Akasema amewaomba wamngojee hadi tarehe tano.

Andiko letu limekwisha pelekwa mahali pawili, na hawajajibu. Kati ya yale majina 60, 19 hawajatoa bado. Mama lishe amegawana nao na dereva wa bajaji, na leo Jumapili wanapita nyumba kwa nyumba.